Mashtaka Yaliyoandikwa Penye Maporomoko ya Wagenia

Tarehe 18 Julai 1890, katika kituo cha Stanley Falls, jirani na maporomoko ambako Wagenia wa Kisangani hutega migono ya samaki kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji, mchungaji wa Kibaptisti aitwaye George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alitia tarehe waraka wa wazi, yaani barua iliyoelekezwa kwa mtu mmoja ili isomwe na wote. Mshtakiwa alikuwa Leopold II, Mfalme wa Ubelgiji, aliyeitawala Dola Huru ya Kongo kama mali yake binafsi.

Kwa mujibu wa mwanahistoria John Hope Franklin, aliyechapisha wasifu wa Williams mwaka 1985, mtu huyo alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849, akapigana vita dhidi ya majimbo ya utumwa akiwa kijana mdogo, akahitimu chuo cha theolojia cha Newton mwaka 1874, na mwaka 1879 akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo la Ohio. Njia hiyo ilifunguliwa na Marekebisho ya Kumi na Tano ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1870, yaliyokataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake.

Marekani ndiyo iliyotangulia kuitambua bendera ya Leopold huko Kongo, mwezi Aprili 1884, kwa juhudi za Seneta John Tyler Morgan wa Alabama, jenerali wa zamani wa majimbo ya utumwa ya Kusini, aliyeona heri weusi wahamishiwe Kongo kuliko kupiga kura Alabama. Williams naye alivutwa kwanza na maneno matamu ya Mfalme, hata akatafuta weusi wasomi wa kwenda kufanya kazi Kongo.

Alichokikuta kilimgeuza. Katika waraka wake wenye mashtaka 12, maelezo ya hila ndiyo yanayosisimua zaidi: mawakala wa Mfalme walificha ndani ya makoti betri za umeme zilizounganishwa na utepe uliopita kiganjani, hivi kwamba chifu aliyepeana mkono na mzungu alitikiswa karibu aanguke, akaamini kuwa mgeni ana nguvu zisizo za kawaida; kisha mawakala wakawasha sigara kwa lenzi, wakidai kwamba jua lingeunguza kijiji kizima kwa ombi la mzungu. Kwa mbinu kama hizo, pamoja na masanduku machache ya pombe kali, vijiji vilitiwa saini na kuwa mali ya Mfalme. Mtu aliyewahi kuchaguliwa kwa kura alijua vyema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa ulaghai si ridhaa, ingawa hata yeye, na hili halina budi kusemwa, aliomba utawala wa kimataifa wenye haki, wala si kujitawala kwa Wakongo.

Gazeti moja la Brussels halikuhangaika na betri. Lilihoji kama Williams, aliyejiita kanali, alikuwa na cheo hicho kweli. Alifariki Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, na kaburi lake likakaa bila jiwe hadi mwaka 1975, Franklin alipoliwekea.

Mwaka uleule wa waraka, huko Marekani, jimbo la Mississippi lilitunga katiba iliyowaondoa weusi kwenye kura kwa kodi ya kupigia kura na mtihani wa kusoma. Haki ya kupiga kura ilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1965, baada ya maandamano yaliyoongozwa na mchungaji mwingine wa Kibaptisti, Martin Luther King, kisha Mahakama Kuu ya Marekani ikaipunguzia sheria hiyo nguvu mwaka 2013.

Mji wa Wagenia uliitwa kwa jina la Stanley, mpelelezi wa Leopold aliyeshutumiwa waziwazi na Williams, hadi mwaka 1966. Shule na makanisa ya Kisangani hayana sababu ya kuusubiri mwaliko wa mtu: waraka huo usomwe humo kila tarehe 18 Julai.