Maji Yakishapanda Sitahani, Yatokee Wapi?

Wengi waliosoma sekondari Kenya wameikuta The Pearl ya John Steinbeck darasani, wakamjua Kino na lulu yake. Wachache wanajua kwamba kisa hicho Steinbeck alikiokota safarini, mwaka 1940, alipokuwa kwenye mashua ya wavuvi wa sardini iliyoitwa Western Flyer. Yeye na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe wa baharini, waliikodi Monterey, wakashuka nayo hadi Ghuba ya California kukusanya kaa, konokono na vijidudu vya mwambani. Kitabu cha safari hiyo kikatoka 1941.

Mashua yenyewe iliundwa Tacoma mwaka 1937. Baada ya Steinbeck ilivua miaka mingi, ikabadilishwa jina, ikachakaa, ikazama 2012, ikainuliwa, ikazama tena 2013. Mafundi wa Port Townsend, jimbo la Washington, ndio walioifufua. Sehemu kubwa ya mbao za mwili wake ilibidi iwe mpya. Ilirudi majini 2022, na Novemba 2023 ikaingia tena Monterey.

Mie nimeifuatilia kazi ya namna hii kama wenzangu wanavyofuatilia mpira. Na kadiri ninavyosoma, swali linalonishika si la injini wala la mkuku. Ni hili: maji yakishapanda sitahani, yanatokea wapi? Linaonekana swali la mwisho, la kutoboa matundu mawili matatu chombo kikishapakwa rangi. Kwa kweli ni la mwanzo kabisa.

Tuanze na sitaha yenyewe, maana haikuwapo tangu zamani. Agosti 1848 dhoruba iliwakuta wavuvi wa heringi pwani ya mashariki ya Scotland usiku, wakiwa mbali na nchi kavu. Watu 100 walikufa na mashua 124 zikapotea au kuvunjika. Karibu zote zilikuwa wazi, bila sitaha, kama mashua zetu nyingi: wimbi likiingia, linaingia hadi ngamani, na kinachobaki ni mtu na upo wake. Serikali ilimtuma Kapteni John Washington wa jeshi la maji achunguze. Ripoti yake ya 1849 ililaumu bandari, ambazo maji yakikupwa haziingiliki, na ikashauri mashua zifunikwe sitaha.

Wavuvi hawakushangilia. Sitaha inaongeza uzito na gharama, inakula nafasi ya samaki, na mtu anayesimama juu ya sitaha yuko karibu zaidi na kuanguka baharini kuliko aliyesimama ndani ya chombo kilicho wazi. Nawaelewa. Ilichukua miaka mingi sitaha kuwa jambo la kawaida, na ilipokuja, ilikuja na ukingo: ule ukuta mfupi wa mbao unaozunguka sitaha ili mtu na nyavu zake wasifagiliwe na wimbi.

Sasa hebu fikiria umefanya nini. Umeweka sakafu, ukaizungushia ukuta. Umetengeneza beseni, tena umeliweka juu ya chombo, mahali pabaya kuliko pote. Chukua sehemu ya sitaha yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Wimbi moja likiacha humo maji ya kina cha sentimita 30, hizo ni mita za ujazo 6, yaani zaidi ya tani 6. Na tani hizo hazitulii kama magunia ya chumvi. Chombo kikilala upande, zote zinakimbilia upande huohuo, zinakilaza zaidi. Kabla hazijatoka, wimbi la pili linakuja.

Ndiyo maana kanuni za meli hazikuliacha jambo hili kwa fundi kukisia. Mkataba wa kimataifa wa 1966 kuhusu mistari ya kupakia mizigo unatoa hesabu: ukingo usiozidi mita 20, chukua urefu wake, zidisha kwa 0.035, ongeza 0.7. Unapata mita za mraba za uwazi unaotakiwa kila upande. Ukingo wa mita 6 unadai mita za mraba 0.91. Hilo si tundu la kidole, ni karibu nusu ya mlango wa nyumba! Tena theluthi mbili za uwazi huo ziwe karibu na mahali sitaha iliposhuka zaidi, na ukingo wa chini wa kila dirisha uwe karibu kabisa na sitaha. Kichekesho, kama ni kichekesho, ni kwamba mkataba huo hauwahusu wavuvi. Wao waliandikiwa wa kwao Torremolinos, Uhispania, mwaka 1977, na huo haukuanza kutumika.

Turudi kwa anayefufua chombo kikuukuu. Shida yake ni kwamba yule fundi wa kwanza alijua sitaha inainama wapi, akatoboa hapohapo. Leo injini nzito ya zamani imetolewa, imewekwa nyepesi. Matangi yamehamishwa. Tezi imeinuka kidogo, omo imezama kidogo, na maji yanakwenda kukusanyika pengine, huku matundu ya zamani yamekaa makavu yakitazama. Kwa hiyo kwanza ujue chombo kitaelea vipi kikiwa na mafuta, barafu na watu, halafu ndipo uamue mgongo wa sitaha na matundu yake. Ukishapiga mbao na kukalafati umechelewa, labda ukubali kubomoa.

Na usidhani adui ni bahari peke yake. Maji ya chumvi hayapendwi na kuvu wanaoozesha mbao. Mafundi wa Marekani wa karne ya 19 walikuwa wakijaza chumvi kati ya mataruma ya meli ili zidumu. Kinachoua chombo taratibu ni mvua, maji baridi yanayolala kwenye kona miezi na miezi chombo kikiwa kimefungwa gatini. Hutafuta ncha za mbao, na hupenda zaidi pale nguzo za ukingo zinapopenya sitaha kwenda kushikana na mataruma. Juu rangi inang'aa, chini kidole kinaingia kama kwenye muhogo uliooza. Dawa ya zamani naiheshimu sana: ubao wa chini wa ukingo hauugusi mwili wa sitaha, unaachiwa mwanya mwembamba kutoka omo hadi tezi, maji yasipate pa kulala. Mwanya huo ni kwa mvua. Kwa wimbi bado unahitaji madirisha.

Ila tundu halina adabu ya kupitisha upande mmoja tu. Februari 1974 meli ya uvuvi Gaul, ya bandari ya Hull, Uingereza, ilipotea katika Bahari ya Barents na watu wote 36. Uchunguzi uliofunguliwa upya ulimalizika 2004 na kusema bahari iliingia kwenye sitaha ya ndani ya kuchakatia samaki kupitia njia za kumwagia mabaki, ambazo vifuniko vyake havikuwa vimefungwa. Njia zilizowekwa ili uchafu utoke. Kwa hiyo bawaba ya kifuniko nayo ni sehemu ya mpango: isiwe ya chuma kitakachoshika kutu, na kifuniko kiachiwe nafasi ya kucheza ili kisikwame.

Nilimsimulia haya mzee mmoja, fundi wa mashua, ambaye siku hizi huletewa vyombo vya zamani vyenye mashua wazi wakitaka viwekewe sitaha na mashine. Hakuuliza habari za mkataba. "Sawa mwanangu," akasema, "lakini wakishalifunika, upo utapita wapi?" Tukakaa chini, akachora mchangani mahali pa mfuniko wa kufikia ngama, halafu akaanza kuhesabu nguzo za ukingo, akiacha nafasi kila baada ya nguzo mbili.