Kabureta mpya isiwe chanzo cha kuteketea kwa giaboksi

WAMILIKI wa magari ya zamani ya Marekani mara nyingi huondoa kabureta iliyotoka kiwandani na kuweka nyingine, ama kwa sababu ya uchakavu au kwa kutamani nguvu zaidi.

Wengi wao hushughulikia petroli, hewa na moto wa plagi, kisha wakasahau kijiwaya chembamba au kifito cha chuma kinachotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi ya otomatiki. Usahaulifu huo unaweza kuunguza giaboksi nzima hata kabla ya gari kufika mwisho wa safari ya kwanza.

Ili kuelewa sababu, yafaa kujua jinsi giaboksi hiyo inavyofanya kazi. Ndani yake mna klachi kadhaa ambazo hubanwa kwa presha ya mafuta. Injini inapovuta kwa nguvu, klachi hizo huhitaji kubanwa zaidi. Inapovuta polepole, presha ndogo inatosha na gia huingia kwa ulaini.

Giaboksi za kabla ya enzi ya kompyuta hazikuwa na njia ya kujua dereva amekanyaga mafuta kiasi gani isipokuwa zielezwe na injini yenyewe. Ujumbe huo hupitia njia mbili kuu: ombwe linalotoka kwenye manifoldi, au waya au ufito uliounganishwa na wenzo wa kabureta.

Jua giaboksi yako

Hatua ya kwanza, basi, ni kutambua aina ya giaboksi, kwa kuwa hatari haifanani.

Turbo-Hydramatic 350 ya kampuni ya General Motors hupima mzigo wa injini kwa ombwe. Waya wake huilazimisha tu kurudi gia ya chini dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Turbo-Hydramatic 400 nayo hufanya kazi hiyo ya mwisho kwa swichi ya umeme. Kadhalika, C4 na C6 za Ford hutegemea ombwe, na ufito wake ni wa kurudisha gia. Katika giaboksi hizi, waya au ufito uliolegea utamnyima dereva kasi ya kupita magari mengine, lakini hautaziunguza klachi.

Hali ni tofauti kabisa kwa 200-4R ya mwaka wa 1981 na 700-R4 iliyoanza kutumika katika magari ya mwaka wa 1982. Hapa waya ndio unaoamua presha ya mafuta, wakati wa kubadilisha gia na kurudi gia ya chini. AOD ya Ford, iliyoanza mwaka wa 1980, na TorqueFlite za Chrysler, yaani A-904 na A-727, ni za kundi hilo hilo. Kuziendesha zikiwa zimefunguliwa waya au ufito ni kuziacha klachi ziteleze, zipate joto na kuungua.

700-R4 hupendwa sana na wanaokarabati magari ya zamani kwa kuwa ina gia ya nne ya uwiano wa 0.70, inayopunguza mzunguko wa injini barabarani. Ndiyo maana hukutwa hata ndani ya magari yaliyoundwa miaka mingi kabla yake.

Tatizo la vipimo

Giaboksi hiyo ilisanifiwa iende na kabureta ya Rochester Quadrajet. Katika kabureta hiyo, pini ya kushikia waya iko takriban milimita 28 kutoka katikati ya shafti ya wenzo. Kabureta za Holley au Edelbrock zinaweza kuwa na tundu mahali pengine, na tofauti ndogo hapo huleta athari kubwa.

Pini ikiwa karibu mno na shafti, waya hauvutwi urefu unaotakiwa. Fundi akiukaza ili ufike mwisho wakati mafuta yamekanyagwa kabisa, utakuwa tayari umevutika injini inaponguruma bila mzigo, na gia zitaingia kwa kishindo na kwa kuchelewa.

Pini ikiwa mbali mno, mambo hugeuka. Waya uliopimwa kwa mwisho wa pedali hubaki umelegea mwanzoni. Dereva anayeendesha polepole mjini, akidhani anaitunza gari, ndiye anayeziunguza klachi kwa presha hafifu.

Tiba ni bamba la kurekebisha linalofungwa kwenye wenzo, lililotengenezwa kwa kabureta husika na giaboksi husika. Isitoshe, iwapo kabureta imeinuliwa kwa bamba juu ya manifoldi, kishikizo cha waya nacho sharti kiinuliwe kwa kimo hicho hicho, la sivyo pembe ya mvuto itabadilika.

Utaratibu wa kupima

Injini ikiwa imezimwa na choki imefunguka kabisa, msaidizi akanyage pedali hadi chini huku fundi akihakikisha kuwa vilango vya hewa vya kabureta vimefunguka kikamilifu. Pedali isiyofika mwisho huharibu vipimo vyote vinavyofuata.

Kwa 700-R4, kitufe cha kirekebishi hubonyezwa, kitelezi kikasukumwa nyuma mbali na wenzo wa kabureta, kisha kitufe kikaachiliwa. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho, kirekebishi hujipanga chenyewe kwa kulia. Kwa TorqueFlite, urefu wa ufito hurekebishwa hadi wenzo wa giaboksi ufike mwisho wake wa nyuma wakati kabureta imefunguka kabisa.

Hata hivyo, jicho pekee halitoshi. Geji ya presha ya kufikia pauni 300 kwa inchi mraba, ikifungwa kwenye tundu la kupimia la giaboksi, itaonyesha kama presha inapanda mara tu wenzo unapoanza kusogea. Ikikawia, gari lisiingie barabarani.

Usalama wa dereva nao usipuuzwe. Tangu mwaka wa 1973, kanuni ya Marekani nambari 124 imetaka magari mapya yawe na angalau vyanzo viwili vya nguvu vya kurudisha kilango cha hewa, na kwa magari madogo kirudi ndani ya sekunde moja. Anayebadilisha kabureta na aweke springi mbili, kisha ahakikishe wenzo haugusi kichujio cha hewa wala boneti.

Somo hili haliwahusu wenye Chevrolet na Dodge pekee. Toyota za zamani zenye kabureta na giaboksi ya otomatiki ya A43D zina waya wa namna hiyo. Pedali ikiwa chini kabisa, nafasi kati ya kizuizi kilicho kwenye waya na mwisho wa ganda lake inatakiwa isizidi milimita moja.

Bamba la kurekebisha na geji ni gharama ndogo ikilinganishwa na kufungua giaboksi na kununua klachi upya. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.