Sheria ya Kodi Imeganda kwa 2,500

Wasee, leo ni historia kidogo, lakini hii inagusa mfuko wako moja kwa moja.

Kuna sheria Kenya inayosema mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi vile amejiskia. Hawezi kukufukuza bila amri. Na ni kosa kukusumbua makusudi ndio uchoke uhame. Inaitwa Rent Restriction Act, na iko kwenye vitabu tangu 1959. Ina hadi baraza lake la kusikiza kesi za wapangaji, ambapo huhitaji wakili ndio uskizwe.

Shida iko hapa: inalinda tu nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Na siku inayotumia kupimia kodi halali ni Januari 1, 1981. Wengi wetu tunaosoma hii hatukuwa tumezaliwa. Wazazi wetu wengine pia.

Sasa niambie, Nairobi hii bedsita ya 2,500 iko wapi? Kama uko Roysambu, Kasarani, Umoja ama Rongai, hiyo sheria imekuacha nje kabla hata ujue ipo. Swali langu ni hili: ilitoka wapi, na mbona iliganda?

Mizizi yake haiko Nairobi. Iko Glasgow, Scotland, mwaka wa 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza, viwanda vya meli na silaha vinahitaji watu, na wafanyakazi wanamiminika mjini. Wenye nyumba wakaona pesa. Wanaume wengi wakiwa vitani, kodi ikapanda. Wanawake wa mtaa wa Govan wakasema hatulipi hiyo nyongeza. Aliyeongoza alikuwa Mary Barbour, mama wa kawaida tu wa mtaa. Ofisa wa korti akija kumfukuza mtu, kengele inalia, wamama wanajaa kwa ngazi na kumrushia unga. Kufikia Novemba, karibu familia 20,000 zilikuwa kwenye mgomo. Tarehe 17 Novemba maelfu waliandamana hadi kortini. Kabla ya Krismasi, bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kurudisha kodi pale ilipokuwa Agosti 1914.

Sheria za Uingereza za aina hiyo ndizo zilikuwa kielelezo wakati serikali ya mkoloni ilileta udhibiti wa kodi Kenya, wakati wa Vita vya Pili. Baadaye ikaandikwa upya hadi tukafika hii ya 1959. Kwa hivyo ile haki ndogo uliyonayo kama mpangaji, kuna mama fulani aliirushia unga.

Lakini ona kitu. Kwetu iliingia kama karatasi. Nairobi ya mkoloni, Mwafrika alihesabiwa mpita njia: kuja, kufanya kazi, kurudi reserve. Hakupangiwa kukaa. Nyumba nyingi za kanjo na za reli zilijengwa kwa hesabu ya kitanda cha mwanaume mmoja, si familia. Pumwani, iliyoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1920, ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu Waafrika wenyewe waliruhusiwa kujenga: nyumba ndefu yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mwenyewe anakaa kimoja na kukodisha vingine. Wenye nyumba wengi hapo walikuwa wanawake. Hiyo ndiyo babu ya ploti unayoishi leo.

Na palipokuwa na watu kusimama pamoja, kitu kilipatikana. 1939, wafanyakazi Mombasa waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa kati ya malalamiko makubwa. Wengine walirudi kazini na posho ya nyumba. Leo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inasema mwajiri akupe makao ama pesa ya kutosha ya kodi juu ya mshahara wako. Wale wenye mnaajiriwa sasa, angalieni kontrakti yenu kama hiyo laini iko.

Halafu kuna njia mbaya ya kufanya hii kitu, na tuliiona Kibera mwishoni mwa 2001. Rais Moi alisema kodi huko ni ya juu, wanasiasa wakaunga mkono, wapangaji wakaskia wamepewa ruhusa ya kulipa kidogo. Hakukuwa na sheria mpya, hakukuwa na baraza, hakukuwa na mazungumzo. Wapangaji na wenye nyumba wakakatana, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Tamko la mwanasiasa kwa mkutano si sheria. Yeye anarudi kwake, nyinyi mnabaki kwa ploti moja na hasira.

2021 kulikuja mswada wa kuunganisha sheria za wapangaji na kuziandika upya. Haukuwa sheria. Mnakumbuka kelele yoyote barabarani? Mimi sikumbuki. Tumeingia barabarani kwa mambo mengi na nimejivunia, lakini kwa kodi, ile inakula nusu ya pesa ya mtu kila tarehe tano, kila mtu analia kivyake ndani ya nyumba yake.

Nilipoacha chuo, pesa yangu yote ilikuwa inaishia kwa kodi na dipo. Nyumba moja nilihama, dipo ikabaki yote, eti ya rangi na "uharibifu" ambao hakuna mtu alinionyesha. Najua wengi hapa mna hadithi kama hiyo. So hata kama kodi yako imepita 2,500, hizi bado ni zako:

Kama unalipa kila mwezi bila kontrakti ya muda maalum, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kumaliza upangaji. Inakulinda, na inakubana pia. Ukitoroka usiku na godoro, dipo umeipoteza mwenyewe.

Ukiwa na deni, mwenye nyumba anaweza kweli kukamata vitu vyako. Hiyo sheria ya mkoloni bado inafanya kazi, na inampa nguvu zile zile za sheria ya zamani ya Uingereza. Lakini lazima atumie dalali mwenye leseni. Keateka na vijana wawili kubeba TV yako si mnada, ni wizi.

Ajenti wa nyumba lazima awe amesajiliwa na Estate Agents Registration Board. Anayetaka "viewing fee" kwa M-Pesa kabla hujaona hata mlango, achana naye.

Dipo ikikataliwa, kuna Small Claims Court. Inasikiza madai hadi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia, na sheria inaipa siku 60 kumaliza kesi. Korti haitaki hadithi, inataka ushahidi. Piga video ya kila chumba siku unaingia na siku unatoka. Weka kila ujumbe wa M-Pesa. Makubaliano ya mdomo yaandikie kwa ujumbe usiku huo huo: "Kama tulivyoongea leo..."

Hizo zitakusaidia wewe mmoja. Zile 2,500 haziwezi kusongeshwa na mtu mmoja, na hazitasongeshwa na mbunge ambaye labda mwenyewe ana ploti. Kule Govan walianza na ngazi moja na kengele.

Ploti yenu iko na nyumba ngapi, arobaini? Anzeni na grupu ya WhatsApp ambayo keateka hayuko ndani.