Zana Kuukuu na Mafundi wa Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Methali isemayo "Kipya kinyemi, ingawa kidonda" yajulikana kila pahali panapozungumzwa Kiswahili. Walakini mafundi hawaifuati sana. Seremala atafutaye randa, au mhunzi atafutaye fuawe, mara nyingi huviacha vilivyong'aa dukani akaenda kupekua lundo la vyuma vilivyoshika kutu, kwa kuwa anajua kwamba chombo kilichokwisha fanya kazi miaka thelathini bila ya kuvunjika kimekwisha kutoa ushahidi wake, na kile kipya bado hakijaulizwa neno.

Tabia hii ya kutafuta zana kuukuu haikuanza jana. Katika nchi ya Kyela na pwani yote ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ina historia ndefu, na historia hiyo yastahili kuandikwa, maana mara nyingi habari za ufundi wa nchi hii husimuliwa kana kwamba ni habari za vitu vipya vilivyoletwa na wageni, kila mgeni na chake. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ufundi huo ilitegemea vyuma vilivyokwisha tumika.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Bonde la Kyela ni tambarare, limejazwa udongo na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ishukayo kutoka milimani. Ni udongo mwema kwa mpunga, migomba na kakao. Upande wa mashariki imesimama milima ya Livingstone, ambayo kwa wenyeji ni nchi ya Wakinga. Na chini yake, katika ukanda mwembamba baina ya mlima na maji, wanakaa Wakisi, wavuvi na wafinyanzi. Basi watu hawa watatu walihitajiana. Wanyakyusa wa bondeni walikuwa na chakula na ng'ombe. Wanawake wa Kisi walifinyanga vyungu vilivyopelekwa kwa mitumbwi pwani nzima, na hata leo vyauzwa katika soko la Lyulilo, karibu na Matema. Na Wakinga walikuwa na chuma.

Monica Wilson, aliyefanya uchunguzi katika Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey baina ya miaka 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 kwamba majembe na mikuki ya Wanyakyusa ilitoka kwa Wakinga, nao walilipwa chakula. Chuma kilikuwa haba, hata majembe ya mti yalitumika zamani hizo. Wala Wakinga hawakuwa peke yao katika kazi hii. Kusini yao Wapangwa walisifika kwa uhunzi, na upande wa magharibi Wafipa walijenga tanuu ndefu za udongo, ziitwazo malungu, ambazo zilivuta upepo zenyewe bila ya mivukuto.

Mtu akifikiri gharama ya jembe moja la namna hiyo atafahamu kwa nini halikutupwa. Ilipasa kuchimba mawe, kukata miti na kuchoma makaa, kujenga tanuu, kuyeyusha, kisha kuufua upya ule mkate wa chuma ili takataka zitoke, ndipo jembe lianze kupata umbo. Baada ya hayo lilibebwa mabegani kushuka mlima. Jembe likiisha kulika kwa udongo, chuma kilichobaki kilikuwa bado ni chuma, nacho chaweza kufuliwa kuwa kijembe cha kupalilia, au kisu, au ncha ya mshale. Kwa hiyo mhunzi wa zamani alikuwa na kazi mbili: kufanya kipya, na kukigeuza kikuukuu. Tanuu zilipozimika, kazi ya kwanza ilikufa. Ya pili ikaendelea.

Zilizimika kwa sababu gani? Joseph Thomson alifika ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1879. Mwaka uliotangulia, 1878, ilikuwa imeundwa huko Glasgow kampuni ya biashara iliyojulikana baadaye kwa jina la African Lakes Company, nayo ikaweka kituo chake Karonga. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yakaufanya mto Songwe kuwa mpaka. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian wakajenga Rungwe na wale wa Berlin wakaingia nchi hiyo hiyo wakiongozwa na Alexander Merensky. Baadaye vikafuata vituo vya Ipyana bondeni, na Ikombe na Matema pwani. Pamoja na watu hao lilikuja jembe la kiwandani. Halikuwa lazima liwe bora kuliko la Mkinga. Lilikuwa rahisi, na hilo lilitosha. Mtu hawezi kukesha siku nyingi tanuuni ili afanye kitu ambacho chauzwa dukani kwa bei ndogo kuliko makaa yake.

Lakini mgeni huyo huyo aliyemwondolea mhunzi tanuu alimletea malighafi nyingine. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ililetwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa, ikaanza kazi ziwani mwaka 1893. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kukaa bila ya karakana, nyundo za ribiti, koleo, na watu wa kuzishika. Misheni nazo zilihitaji milango, meza, madawati na matofali, zikawafundisha vijana useremala na uashi. Ng'ambo ya mpaka, Chuo cha Overtoun huko Livingstonia, kilichoanzishwa mwaka 1894 chini ya Dakta Robert Laws, kilitoa maseremala, waashi na wachapaji waliotawanyika katika nchi nyingi za jirani. Ndivyo zilivyoingia randa, keekee, jiliwa na msumeno wa meno madogo, na pamoja nazo majina yake ya Kiswahili yaliyotoka pwani ya bahari.

Vita vya mwaka 1914 vilivipangua vyombo hivi. Mwezi Agosti wa mwaka huo meli ya Kiingereza Guendolen iliishambulia Hermann von Wissmann huko Liuli, nayo wakati huo ilikuwa imevutwa nchi kavu ikitengenezwa. Mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza yaliingia Tukuyu, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Baada ya vita mashamba na mali za Wajerumani katika Tanganyika yaliuzwa kwa mnada kuwa ni mali ya adui. Mnada huo wafaa kukumbukwa na mwenye kuchunguza historia ya ufundi. Shamba linapouzwa, huuzwa pia na karakana yake. Na chini ya nyundo ya dalali zana hubadilisha mwenyewe bila ya kuulizwa kabila wala taifa.

Kisha ikaja dhahabu. Mwaka 1922 ilionekana katika mto Lupa, upande wa Chunya, na katika miaka ya 1930 Wanyakyusa wengi walikwenda huko kufanya kazi. Wengine walikwenda mbali zaidi, hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika ya Kusini. Mtu aliyerudi kutoka migodini alitazamiwa kuleta nguo na blanketi, lakini aliyejifunza ufundi alijua kwamba nguo huchakaa, na nyundo humlisha.

Chemchemi kubwa ya vyuma kuukuu, walakini, ilikuwa motokaa. Tangu motokaa zilipoanza kupita njia ya Mbeya, na hasa baada ya mwezi wa Novemba 1965, Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru kwa nguvu na mizigo ya Zambia ikaanza kupitishwa Dar es Salaam, malori mengi yaliharibikia barabarani. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, lakini malori hayakukoma. Lori lililokufa ni machimbo ya chuma yaliyo juu ya ardhi. Springi zake ni pua iliyo tayari: hukatwa kwa tindo, hutiwa motoni, zikawa tezo, mundu na panga. Ekseli huwa nyundo. Kipande cha reli, kikisimamishwa juu ya gogo, ni fuawe itakayodumu kuliko mwenyewe.

Hapa ndipo elimu ya mtafuta zana inapoonekana. Huigonga fuawe kwa nyundo ndogo akasikiliza: ikilia kwa sauti safi, ni nzima, ikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, ina ufa. Huupinda msumeno akautazama kama utarudi wima. Huitazama patasi mgongoni, si makalini, kwani makali hunolewa bali mashimo ya kutu ya mgongoni hayaondoki. Huichukua tupa iliyokwisha meno, ambayo mwingine angeitupa, kwa kuwa anajua ni pua kali. Akiisha kuifua kuwa kisu au patasi huizimisha majini, kisha huirudisha karibu na moto na kuichungulia rangi. Ikifika manjano huikomesha hapo, maana ni kiasi kifaacho makali; akiiacha hata ikawa buluu, yafaa springi, haifai patasi. Na asipoirudisha motoni kabisa, itavunjika kama kigae siku ya kwanza. Elimu hii haikuandikwa vitabuni mwa Kiswahili ila kwa uchache, lakini pasipo nayo lundo la vyuma ni takataka tu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilitaka nchi ijitengenezee zana zake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, likaanzishwa mwaka 1973. Majembe yakatengenezwa Ubungo, na baadaye Mbeya katika kiwanda cha Zana za Kilimo. Lakini mwisho wa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikosekana, na madukani vitu viliadimika. Zama hizo mhunzi wa kijijini, ambaye wengi walimdhania kuwa mabaki ya zamani, alikuwa tegemeo. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mitumba iliingia kwa wingi, na zana kuukuu za Ulaya na Asia zikaingia pamoja na nguo.

Katika miaka hiyo hiyo zana za Uingereza zilikuwa zikitafuta njia ya kutoka. Huko viwanda vingi vilikuwa vikifungwa, na mafundi wazee wakifa wakiacha visanduku vya zana ambavyo watoto wao hawakuvihitaji. Vitu hivyo viliuzwa katika magulio ya Jumapili, ambapo watu huegesha motokaa uwanjani, wakafungua buti na kuuza vya nyumbani mwao. Mwaka 1979 kiliundwa nchini humo chama kiitwacho Tools for Self Reliance, ambacho kilipata mwongozo katika fikira za Mwalimu Nyerere juu ya kujitegemea. Wanachama wake walikusanya zana kuukuu za mkono, wakazisafisha, wakazinoa na kuzitia mipini, kisha zikapelekwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata. Haifai kuiona habari hii kuwa ya sadaka tu. Msumeno uliolala bila ya kazi Uingereza ulipata kazi kwa sababu huku palikuwa na mkono uliojua kuushika. Na mkono huo ulikuwa na historia yake kabla ya msumeno kufika.

Hayo yote yaonyesha kwamba ufundi wa kaskazini ya ziwa haukukatika. Mwaka 2017 meli za mizigo Mv Njombe na Mv Ruvuma zilianza kazi baada ya kuundwa huko huko Itungi, katika wilaya ya Kyela, pwani ambayo meli yake ya kwanza ya Kijerumani ililetwa vipande vipande kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, ipo hatari moja. Siku hizi vyuma chakavu vyanunuliwa kwa kilo, vikapelekwa mijini kuyeyushwa kuwa nondo. Mnunuzi wa chakavu hatofautishi springi iliyovunjika na jembe lililofuliwa na Mkinga kabla ya Wajerumani; mizani haijui historia. Mhunzi wa zamani aliligeuza jembe kuwa kisu, na kisu bado kilikuwa na nasaba. Tanuu ya kiwanda haibakizi nasaba. Kadhalika wazee wanaoyajua majina ya sehemu za mvukuto kwa Kikinga, Kikisi na Kinyakyusa wanapungua, na majina hayo hayawezi kuokotwa tena kwenye lundo.

Basi yawapasa wachunguzi wa lugha na historia kuyaendea magulio ya nchi hii, Lyulilo, Kyela na Tukuyu, wakiwa na daftari na kipimo. Kila zana kuukuu iulizwe ilikotoka, nani aliifua, nani aliinunua, na kwa nini haikutupwa. Jawabu likiandikwa leo litawafaa wajao; likiachwa hata kesho, huenda chombo chenyewe kikawa kimekwisha kuwa nondo ndani ya ukuta wa mtu.