Kwa nini marubani wa KQ na mabosi wao hawaishi kuvutana

Saa 12 asubuhi, Jumamosi ya Novemba 5, 2022, marubani wa Kenya Airways hawakuingia kazini. Mahakama ilikuwa imeshausimamisha mgomo huo siku chache kabla, lakini waligoma tu. Siku ya kwanza safari 15 zilifutwa na abiria zaidi ya 10,000 wakaathirika. Shirika lilisema linapoteza takriban Sh300 milioni kwa siku.

Madai makubwa ya chama chao, KALPA, yalihusu pesa za kipindi cha Covid-19: kampuni irudishe michango yake kwenye akiba yao ya uzeeni, ambayo ilikuwa imesitishwa, na ilipe mishahara iliyozuiliwa. Usimamizi chini ya Allan Kilavuka ulijibu kwamba hakuna dai hata moja hapo la kumfanya mtu agome.

Ukiwa ofisini, jibu hilo linaeleweka. Ndege za abiria zilikaa chini tangu Machi 2020. Za ndani ya nchi zilirudi Julai, za kimataifa Agosti. Mwaka huo KQ ilipata hasara ya Sh36.2 bilioni, na mwaka uliofuata karibu Sh16 bilioni. Mhasibu akitafuta pa kukata, mchango wa uzeeni ndio rahisi kuliko yote, maana hakuna anayelala njaa leo kwa sababu yake.

Rubani anapiga hesabu nyingine. Kanuni za kimataifa haziruhusu rubani wa ndege za abiria za safari za kimataifa kuendelea baada ya miaka 65, hata awe na nguvu kiasi gani. Kabla ya hapo lazima apite uchunguzi wa daktari mara kwa mara, na tatizo la moyo linaweza kumtoa angani akiwa na miaka 45. Kuhama pia si rahisi, kwani katika mashirika mengi anayeingia huanza mwisho wa foleni ya ukubwa kazini, kwa hiyo miaka aliyokusanya anaiacha alikotoka. Mtu wa namna hiyo akiambiwa akiba yake ya uzeeni itasubiri, hasikii habari ya marupurupu.

Mabosi wanapita

Hapa ndipo penye kiini cha mvutano. Rubani aliyeajiriwa KQ mwaka 2010 alimkuta Titus Naikuni kwenye usukani. Mwishoni mwa 2014 akaja Mbuvi Ngunze, 2017 akaja Sebastian Mikosz kutoka Poland, na 2020 akaja Kilavuka. Wakubwa wanne ndani ya miaka 10, na kila mmoja na mpango wake wa kuliokoa shirika. Rubani ni yuleyule. Mpango mpya ukija na ombi la kujinyima, yeye anakumbuka aliambiwa nini na yule aliyetangulia.

Kumbukumbu hiyo ilionekana wazi mwaka 2016. KQ ilikuwa imetoka kutangaza hasara ya Sh25.7 bilioni, kisha mwaka uliofuata Sh26.2 bilioni, baada ya kununua ndege nyingi kwa mkopo. Marubani walitisha kugoma Oktoba, na safari hiyo hawakuomba mshahara. Walitaka Ngunze na mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, waondoke. Awori alimpisha Michael Joseph, aliyewahi kuongoza Safaricom, Ngunze akakubali kuondoka mwaka uliofuata, na mgomo ukaahirishwa. Kwa marubani, huo ulikuwa ushindi. Kwa wakubwa, ilikuwa wafanyakazi kujichagulia bosi.

Kazi yenyewe inachochea. Ndege ikiwa safarini, kapteni ndiye mwenye neno la mwisho. Akitaka mafuta ya ziada kwa sababu ya hali ya hewa huko aendako, anaongezewa, ingawa uzito huo ni gharama. Akishuka Nairobi, anarudi kuwa mwajiriwa anayetumiwa memo. Si kila mtu anaweza kuvaa kofia hizo mbili kwa siku moja bila kukwaruzana na mtu.

Na nguvu wanayo. Rubani hufunzwa na kuidhinishwa kwa aina maalum ya ndege. Wa Embraer hawezi kuitwa asubuhi akarushe Dreamliner, kwa hiyo marubani 400 hivi wakikaa nyumbani, maelfu ya wafanyakazi wengine wa KQ hawana cha kufanya, hata kama hawakuulizwa. Wengi wao hupata sehemu ndogo tu ya mshahara wa kapteni, na hilo huwapunguzia marubani huruma ya wananchi kila wanapogoma.

Mgomo wa 2022 ulidumu siku nne. Mahakama ya Ajira iliwaagiza warudi kazini kufikia saa 12 asubuhi ya Novemba 9 bila masharti, na ikauzuia usimamizi kuwaadhibu. Walirudi siku hiyo, huku madai yao yakibaki mezani.