Jicho la Mgeni na Sahani ya Mwenyeji



Katika tabia za Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) iko moja ambayo ni nyepesi kuitaja na nzito kuifuata. Amepokea Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume hakupata hata mara moja kukitia ila chakula, akikitamani hukila, na asipokitaka hukiacha. Wengi wetu tukiisikia hadithi hii hudhani kuwa ni adabu ya kwenye mkeka tu. Lakini ukiifuatilia katika tarikh utaona kwamba anayekitia ila chakula cha watu mara nyingi yuko njiani kuwatia ila watu wenyewe.

Leo tutazame mfano wa mbali, wa mataifa mawili yenye lugha moja ambayo hayakupata kupatana juu ya chakula, nayo ni Waingereza na Wamarekani. Kwa muda wa karibu miaka 200 Mwingereza amekuwa akichungulia chungu cha Mmarekani na kukunja uso. Hebu tujiulize: aliona nini, na ni nini ambacho hakukiona?

BIBI ALIYEKWENDA KUTAFUTA MALI

Siku ya Krismasi mwaka 1827, Bibi Frances Trollope aliwasili New Orleans akitokea Uingereza, ambako madeni yalikuwa yameielemea nyumba yake. Mwaka uliofuata alihamia mji wa Cincinnati, akajenga duka kubwa la bidhaa za mapambo, nalo likafilisika. Aliporudi kwao mwaka 1831 hakuwa na mali, lakini alikuwa na daftari. Na mwaka 1832 akatoa kitabu juu ya desturi za nyumbani za Wamarekani, kikauzika sana.

Bibi huyu alikiri kwamba nchi ile ina neema: soko limejaa, nyama ni rahisi, mkate ni mzuri. Alichokichukia ni namna ya kula. Aliona nyama ya nguruwe na ya ng'ombe ikiletwa mezani asubuhi, mchana na jioni. Mayai yakiliwa pamoja na chaza, na nyama pamoja na matunda yaliyopikwa. Na zaidi ya hayo wanaume wakila mbio mbio, kimya, kama watu wanaofukuzwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1842, mwandishi Charles Dickens naye alisafiri huko, na katika meli ya mtoni akayashangaa yayo hayo: watu wameketi meza moja, wala hakuna anayemsemesha mwenzake; kila mmoja humeza chake kisha hujiondokea.

Hayo hayakuwa uzushi. Lakini je, nyumbani kwao kulikuwaje? Mwaka 1820 mkemia mmoja Mjerumani aliyekaa London, jina lake Frederick Accum, alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kufichua jinsi wauzaji wa mji ule walivyokuwa wakiwalisha watu. Mkate ulitiwa shabu ili uwe mweupe, achari ikatiwa shaba ili iwe kijani, na peremende za watoto zikapakwa rangi za sumu. Sheria ya kwanza ya kuzuia ghushi hiyo haikupatikana mpaka mwaka 1860. Sisi tunamjua Mtume (S.A.W.) aliyetia mkono wake ndani ya fungu la nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini, akasema kuwa anayeghushi si katika sisi. Mwingereza wa zama zile aliona kasoro iliyo juu ya meza ya mwenziwe, lakini hakutia mkono ndani ya fungu lake mwenyewe.

MWANAMKE ALIYETAZAMA NYUMA YA JIKO

Hata hivyo tusiwadhulumu Waingereza wote. Alikuwako mmoja aliyetazama mahali ambapo wenzake hawakutazama. Naye ni Fanny Kemble, mwigizaji mashuhuri wa London, aliyeolewa na tajiri wa Kimarekani, Pierce Butler. Katika majira ya mwaka 1838 kuingia 1839 mumewe alimpeleka kwenye mashamba yake ya mpunga na pamba katika visiwa vya pwani ya Georgia. Huko ndiko alikoyaona kwa macho yake maisha ya watumwa waliokuwa wakiineemesha meza ya mumewe.

Aliandika kwamba watu wale walikula mara mbili tu kwa siku, chakula cha kwanza kikiwa mchana baada ya kazi ya tangu alfajiri. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi na chenga za mchele zisizouzika. Walikula juu ya ardhi au vizingitini, bila meza wala sahani, wengine kwa vipande vya mti na watoto kwa vidole. Ndoa yake na Butler ilivunjika baadaye. Na mwaka 1863, Wamarekani wakiwa vitani wao kwa wao, akayachapisha maandishi yake ili Waingereza wajue utumwa ni kitu gani.

Na hapa, ndugu msomaji, pana jambo linalotuhusu sisi. Katika pwani hiyo hiyo, kisiwa cha Sapelo, alikuwako mtumwa Mwislamu kutoka Afrika Magharibi, jina lake Bilali, ambaye aliacha maandishi ya Kiarabu juu ya udhu na sala. Katika miaka ya 1930 wakusanyaji wa habari za wazee walimhoji mjukuu wa binti yake, Katie Brown. Bibi huyu alikumbuka kwamba siku moja kila mwaka nyanya yake, yaani binti Bilali, aliroweka mchele, akautwanga kwenye kinu cha mti, akatia asali, akafinyanga vikate vya bapa, kisha akawagawia watoto. Vikate hivyo vilikuwa na jina lao: *saraka*.

Hapana shaka umekwisha kulitambua neno hilo. Ni sadaka. Misikiti haikuwako, na uhuru haukuwako, lakini mwanamke mmoja mwenye kinu na kibaba cha mchele aliihifadhi sadaka mpaka ikamfikia kitukuu wa Bilali. Bamia na kunde, ambavyo leo huhesabiwa chakula cha asili cha Marekani ya kusini, navyo vilifika kwa njia hiyo ya Waafrika waliotekwa. Bibi Trollope na Dickens walizihesabu nyama zilizokuwa mezani. Mikono iliyopika wakaipita kwa haraka.

KOPO NI LA NANI?

Karne iliyofuata kicheko kilihamia kwenye vyakula vya haraka. Mwingereza alisema kwamba Mmarekani hapiki, bali hufungua. Na kweli Wamarekani waliendelea sana katika kazi hiyo. Supu nzito ya kopo, ya kuongezwa maji, ilitoka kwa Campbell mwaka 1897. Mwaka huo huo jeli ya unga ilipewa jina la Jell-O, na baadaye ikatumiwa hata kugandisha mboga na nyama, jambo lililowashangaza Waingereza ambao jeli kwao ni tamu ya watoto. Mwaka 1911 yakaja mafuta ya Crisco ya mbegu za pamba, kuchukua mahali pa mafuta ya nguruwe. Mwaka 1930 Clarence Birdseye alianza kuuza vyakula vya barafu madukani, baada ya kuwaona wenyeji wa Labrador wakigandisha samaki wao kwenye baridi kali. Katika miaka ya 1950 ukatoka mlo mzima ndani ya sinia la bati, wa kupashwa moto na kuliwa mbele ya televisheni.

Lakini kopo lenyewe ni la nani? Hati ya kulimiliki wazo hilo ilitolewa Uingereza mwaka 1810 kwa Peter Durand, na kiwanda cha mwanzo kikafunguliwa London mwaka 1813. Unga wa kastadi, huu ambao majumba yetu ya pwani huufuturia katika Ramadhani, uliundwa Birmingham mwaka 1837 na Alfred Bird, kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika na mayai. Na maharage ya kopo, ambayo leo Mwingereza huyaona kuwa chakula chake cha asili, yaliletwa London na Heinz kutoka Marekani mwaka 1886, yakauzwa katika duka la matajiri kama kitu cha fahari.

Waingereza hucheka pia kwamba Mmarekani hupima unga kwa kikombe, ilhali wao hupima kwa mizani. Bibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, wala wali wao haukuharibika.

NJAA HAINA KICHEKO

Ikaja vita. Tangu Januari 1940 chakula Uingereza kiligawiwa kwa vitabu vya mgao, na mgao huo haukwisha kabisa mpaka Julai 1954. Kwa muda mrefu mtu mzima alipata yai moja kwa wiki, tena likipatikana, na siagi ya gramu zipatazo 57. Ndipo meli zilipoleta kutoka Marekani makopo na mayai ya unga, pakiti moja ikihesabiwa sawa na mayai 12. Katika makopo hayo mlikuwamo nyama ya nguruwe, ambayo kwetu ni haramu. Lakini kwa wao ilikuwa nusura, na chakula walichokicheka ndicho kilichowavusha.

Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwapa askari wake waliokwenda Uingereza kijitabu cha adabu. Humo waliambiwa kwamba wakialikwa katika nyumba ya Mwingereza wasile sana, maana huenda wakamaliza posho ya wiki nzima ya watu wale. Tazama basi! Aliyesemwa kwa zaidi ya miaka 100 kuwa hana adabu ya meza ndiye sasa aliyefundishwa kumstahi mwenyeji wake aliyepungukiwa.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, kuuliza si kutia ila. Jelatini ya jeli hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe. Kwa hiyo yatupasa tusome pakiti na kuuliza kabla ya kununua. Hilo ni sharti la dini, wala si dharau.

Pili, katika Sura ya Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Mkwe anayemcheka mkamwana kwa kufungua kopo la nyanya, na hali amerudi kazini magharibi na watoto wana njaa, amesahau kwamba na yeye kastadi yake hutoka koponi.

Tatu, iko ila ya kweli. Mwaka 1921 kampuni moja ya unga ya Minneapolis ilibuni jina la mwanamke, Betty Crocker, ili lititiwe chini ya barua za kuwajibu akina mama waliouliza habari za mapishi. Mwaka 1945 jarida moja kubwa la huko lilimtaja kuwa mwanamke wa pili kwa umaarufu katika Marekani nzima, baada ya mke wa Rais Roosevelt. Na mtu huyo hakuwako! Mama aliyekosa wa kumfundisha alifundishwa na jina. Mfananishe na binti Bilali, asiyejulikana na jarida lolote, ambaye mjukuu wake aliukumbuka mkono wake kinuni.

Masahaba walimshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba wanakula lakini hawashibi. Akawauliza kama hula mbali mbali, kisha akawaamuru wakusanyike juu ya chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, nao watabarikiwa. Dickens aliuona ukimya wa meza ile akadhani ni upungufu wa adabu. Ulikuwa upungufu wa baraka, na upungufu huo huweza kuingia hata kwenye sinia la pilau, kila mtu akiwa na yake moyoni.

Basi leo usiku, ndugu yangu, kitakachoandaliwa nyumbani kwako, kiwe cha kinuni au cha koponi, madamu ni halali, mwite aliyekipika akae nanyi. Mshukuruni, semeni Bismillahi, na mle pamoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na macho yasiyodharau. Amin.