Uzi: Uchina imeanguka mara ngapi?

Kila tukibishana hapa kuhusu deni la SGR, lazima atokee mtu aseme, "Tulieni, hata Uchina yenyewe inaanguka." Mwingine anamjibu kwamba hiyo ni stori ya zamani. Wadau, wote wawili wana ukweli kidogo. Turudi nyuma kiasi.

Mwaka 2001 wakili Mmarekani, Gordon Chang, alitoa kitabu akisema utawala wa Uchina utaporomoka ndani ya miaka kumi hivi. 2011 ilipofika mwisho na hakuna kilichoanguka, akaandika kwamba amekosea kwa mwaka mmoja tu, itakuwa 2012. Watu wanamcheka mpaka leo. Mimi pia nilimcheka, hadi nilipoangalia hoja zake. Alisema benki za serikali zimekopesha mashirika ya umma ambayo hayawezi kulipa. Na ilikuwa kweli! Mwaka 1999 serikali ya huko iliunda kampuni nne za kubeba mikopo mibovu ya takriban yuan trilioni 1.4.

Kwa hivyo ugonjwa aliuona. Mbona mgonjwa hakufa?

Mwenye benki na mdaiwa mkubwa walikuwa mtu mmoja, serikali. Nani angempigia nani mnada? Deni lilikuwa kwa sarafu yao wenyewe, na mwananchi hakuruhusiwa kuhamisha pesa nje atakavyo, kwa hivyo hata akiwa na wasiwasi, akiba yake ilibaki palepale benki. Halafu Desemba 2001, mwaka uleule wa kitabu, Uchina ikaingia Shirika la Biashara Duniani. Viwanda vikapata soko, pato likapanda, na deni la zamani likaanza kuonekana dogo. Kufikia 2010 ilikuwa imeipita Japani na kuwa ya pili duniani.

Sasa nyinyi mnaosema "haijawahi kuanguka, haitaanguka", tuongee kuhusu hiyo Japani. Miaka ya 1980 ilikuwa inaogopwa vile Uchina inaogopwa leo. Soko lake la hisa lilifika kilele mwisho wa Desemba 1989, na halikurudi pale hadi Februari 2024. Miaka 34! Lakini Japani haikuporomoka. Hakukuwa na ghasia, treni zilifika kwa wakati. Ilipunguza mwendo tu, ikakaa hivyo. Kwangu huo ndio mfano wa kuangalia, si wa Chang.

Dalili zipo. Evergrande, kampuni ya nyumba yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ilishindwa kulipa Desemba 2021. Mwaka 2022 idadi ya Wachina ilipungua, mara ya kwanza tangu ile njaa kuu iliyoisha 1961. Deni unaweza kulihamishia mfuko mwingine kama walivyofanya 1999. Watoto ambao hawajazaliwa utawahamisha kutoka wapi?

Ila msisome "ukuaji umeshuka hadi asilimia 5" kama matanga. Piga hesabu: asilimia 10 ya uchumi wa dola trilioni 1.3, kama ule wa 2001, ni bilioni 130. Asilimia 5 ya trilioni 18 ni bilioni 900.

Na kwetu? Mikopo ya Uchina kwa Afrika ilifika kilele 2016, kisha ikashuka sana. Reli yetu ilifika Naivasha 2019 ikasimama hapo kwa miaka, Kisumu wakibaki na ahadi. Lakini deni lililokuwepo halikwenda popote. Mwaka 2025 Hazina ilibadilisha mikopo ya SGR kutoka dola hadi yuan ili riba ipungue. Mkopeshaji amebana mkono, na bado anadai kila awamu.

Mwenye swali au takwimu tofauti atupie hapo chini. Matusi sitajibu.